Nyimbo za Bahi na Kompyuta ya Shule: Hoja ya Chombo Sahili

Msafiri aendaye magharibi kutoka Dodoma kwa Reli ya Kati hupita nchi tambarare yenye miiba na mibuyu, kisha hufika Bahi, mahali ambapo ukame wa Ugogo hukutana na kinamasi na majaruba ya mpunga. Bahi ilifanywa wilaya kamili mwaka 2007. Wengi huifahamu kwa mchele na kwa chumvi. Walio wachache huifahamu kwa mali nyingine isiyopimwa kwa magunia: nyimbo za zeze, za ilimba na za ngoma ya muheme, ambazo Wagogo wamezirithishana tangu kale.

Katika ziara moja wilayani humo nilikaa na mzee mpiga zeze. Baada ya kuamkiana alinieleza kuwa miaka kadhaa iliyopita wageni fulani walifika kijijini, wakamnasa akiimba pamoja na kaka yake, nao walipoondoka waliacha nakala kwa vijana. Kaka yake sasa ni marehemu. “Mwanangu,” aliniambia, “wewe ni mtu wa vyombo hivi. Nitafutie sauti ya kaka yangu.” Tulikwenda kwa kijana mwenye kibanda cha kuchajia simu na kuingizia nyimbo katika memori kadi. Kijana huyo hakuwa mchoyo. Alitufungulia hazina yake yote, nyimbo zipatazo elfu mbili. Lakini faili nyingi zilikuwa na majina kama “Sauti 017” na “Wimbo mpya 3”. Tulisikiliza moja baada ya nyingine mpaka jua likatua, na wimbo haukupatikana. Huenda ulikuwamo humo humo mbele yetu. Mzee aliniaga kwa upole, nami nilibaki na aibu ya mtu aliyesomea kompyuta ng'ambo kwa miaka mingi na hakuweza kumpatia mzee wimbo mmoja.

Tangu siku hiyo nimeshikilia rai ambayo nataka kuieleza hapa mbele ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Rai yenyewe ni hii: kila shule yenye japo kompyuta moja, hata iwe kuukuu, ijenge mkusanyo wa nyimbo za mahali pake, na wanafunzi wenyewe watengeneze chombo sahili cha kuupigia mkusanyo huo kwa amri za maandishi. Nasema wautengeneze wenyewe, si wapewe.

Hebu kwanza tuuondoe woga wa gharama kwa kufanya hesabu. Sauti ni mtetemo wa hewa. Kompyuta huugeuza mtetemo huo kuwa tarakimu kwa kuupima mara nyingi katika kila sekunde. Kwa kipimo cha santuri za CD, mtetemo hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Kwa kuwa kuna njia mbili, ya kushoto na ya kulia, sekunde moja ya muziki huchukua baiti 44,100 × 2 × 2, yaani baiti 176,400. Dakika moja basi ni baiti milioni 10 na ushei. Sauti hiyo ikibanwa kwa mtindo wa MP3 katika kasi ya biti 128,000 kwa sekunde, dakika moja huwa chini kidogo ya baiti milioni moja. Kadi ndogo ya gigabaiti 32, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, itabeba dakika zipatazo 33,000, ambazo ni zaidi ya saa 550. Ni vigumu kuamini kuwa kata moja itajaza kadi hiyo kwa haraka. Tatizo letu si mahali pa kuweka nyimbo. Kijana wa kibandani alikuwa na mahali pa kutosha. Alichokosa ni orodha.

Chombo ninachokisema kina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni orodha, nayo ni faili ya maandishi matupu ambayo mtu yeyote aweza kuisoma. Kila mstari ni wimbo mmoja, na katika kila mstari mna safu zilizotengwa kwa alama ya kichupo: jina la faili, jina la wimbo, mwimbaji, ala, kijiji, mwaka wa kunaswa, na ruhusa iliyotolewa. Sehemu ya pili ni amri ya kutafuta katika orodha hiyo na kupiga kinachopatikana. Katika kompyuta yenye mfumo huria wa Linux, kazi hiyo yote hufanywa na mstari mmoja:

grep -i zeze orodha.txt | cut -f1 | mpv --playlist=-

Mwanafunzi asitishwe na sura ya mstari huu. Programu ya grep huchagua mistari yote yenye neno zeze. Programu ya cut hukata safu ya kwanza tu, yaani jina la faili. Programu ya mpv hupokea majina hayo na kuzipiga nyimbo moja baada ya moja. Ile alama ya wima iliyo katikati yao ni mfereji unaopitisha maji kutoka programu moja hadi nyingine. Mkulima wa Bahi anaielewa kanuni hiyo bila mwalimu: maji hutoka mferejini, huingia jaruba la kwanza, hupenya kwenye tuta hadi jaruba la pili, na kila jaruba hufanya kazi yake bila kujua habari za jingine. Wazo la kuunganisha programu ndogo kwa njia hiyo liliingizwa katika mfumo wa Unix mwaka 1973 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa msukumo wa Doug McIlroy. Limedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu ni jepesi kueleweka, na kilicho chepesi kueleweka ni chepesi kutengenezeka kikiharibika.

Mwanafunzi akiuhifadhi mstari huo katika faili iitwayo “cheza”, na mahali pa neno zeze akaweka alama "$1", atakuwa amezaa amri mpya ya Kiswahili. Akiandika “cheza zeze” atasikia zeze. Akiandika “cheza” pamoja na jina la kijiji, atasikia nyimbo za kijiji hicho. Na yule mzee angalisema jina la kaka yake, nasi tungaliandika jina hilo, na wimbo ungalilia kabla hajamaliza kukaa kitini.

Kwa nini nisisitize kuwa wanafunzi wajenge wenyewe, ilhali programu nzuri zenye picha na vitufe zimejaa tele? Jibu limo katika historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo makubwa ya hesabu za Serikali kuendeshwa kwa mashine zilizotegemea wataalamu wa kigeni, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mlango huo ulifunguliwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Wako wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki, ingawa naamini ilituchelewesha. Iliyokuwa na kasoro ni dawa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na ugonjwa ni kutumia chombo usichokielewa, ambacho siku kikikataa hujui pa kukishika. Siku hizi hatuagizi tena mashine kubwa moja kwa taifa zima. Kila mmoja wetu amebeba yake mfukoni. Lakini je, ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wajuao faili inakaa wapi, inaitwaje na inasomwaje? Tumeongeza idadi ya vyombo bila kuongeza kwa kiasi hicho idadi ya wanaovitawala.

Sasa nije kwenye sayansi yenyewe, kwani walimu wa fizikia wataniuliza faida yao iko wapi. Uzi unaotetema mara 100 kwa sekunde hautoi sauti hiyo peke yake. Ndani yake mna sauti za 200, 300, 400 na kuendelea, ambazo ni ngazi ya asili ya kila uzi. Wataalamu wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kuwa mfumo wa sauti za Wagogo unalingana na sehemu ya ngazi hiyo, kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa. Katika mfano wetu ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Kinanda cha kizungu hugawa oktava katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Kikianzia 400, sauti yake iliyo karibu na ile ya saba ya asili ni takriban 713, si 700. Tofauti hiyo husikika kwa sikio tupu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuimba kwa kufuata kinanda aweza kumwona bibi yake kuwa anakosea, kumbe bibi anaifuata hesabu ya uzi na kinanda ndicho kilichopinda. Somo la mawimbi la sekondari lingenoga kiasi gani kama lingeanza na zeze lililonaswa umbali wa mwendo wa mguu kutoka darasani!

Jambo hili latufundisha pia namna ya kunasa. Ilimba zetu huwa na vitundu vilivyofunikwa kwa utando wa buibui ili zitoe mngurumo mwembamba, na mngurumo huo umo katika mitetemo ya juu. Sauti ikipimwa mara 8,000 tu kwa sekunde, kama ilivyokuwa desturi ya simu, haiwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi 4,000 kwa sekunde, kwani kipimo lazima kizidi maradufu ya mtetemo unaotafutwa. Mngurumo wa utando wa buibui utapotea kwa sehemu kubwa, na ilimba italia kama kopo. Kwa hiyo nakala ya asili inaswe kwa vipimo 44,100 au zaidi na ihifadhiwe bila kupunguzwa, kwa mtindo kama FLAC. Nakala za MP3 ziwe za kusikilizia tu.

Naelewa kwamba hoja yangu ina wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito.

Wa kwanza watasema kuwa intaneti inatosha, kwani nyimbo zote zimo humo. Nasema si zote, na zilizomo si lazima ziwe mikononi mwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa muziki wa makabila mbalimbali, wakiwamo Wagogo, na mkusanyo wake umehifadhiwa Afrika Kusini. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeupeleka muziki wa zeze na ilimba duniani kote na kufariki mwaka 2003, alitoa baadhi ya kazi zake mashuhuri kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Redio Tanzania Dar es Salaam ilinasa ngoma na bendi nyingi katika enzi ambayo Bara haikuwa na redio nyingine. Nawashukuru wote hao, kwa kuwa bila wao sehemu kubwa isingekuwapo kabisa. Hata hivyo mkulima wa Bahi akitaka kumsikia babu yake, je, aende Afrika Kusini? Na aliye nje ya upepo wa mnara wa simu, au asiye na fedha ya bando, intaneti kwake ni ghala lililofungwa. Mkusanyo ulio ndani ya kompyuta ya shule haudai bando.

Wa pili watasema kuwa amri za maandishi ni kazi ya wataalamu, na kuwa wazee hawataziweza. Ni kweli kwamba mzee hataandika amri. Hakuombwa aandike. Aliyenituma kumtafuta kaka yake hakuhitaji kibodi, alihitaji mtu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aandikaye kwa niaba ya mzee atapata kitu ambacho kitufe chenye picha hakimpi: itambidi aulize. Mwimbaji ni nani? Uliimbwa msimu gani? Neno hili la Kigogo maana yake nini? Safu tupu katika orodha ni swali linalosubiri kupelekwa nyumbani. Hali kadhalika, chombo kisicho na picha huendeshwa na kompyuta iliyokwisha kutupwa na ofisi, au na ile ndogo ya ukubwa wa kiganja ambayo hutumia wati zipatazo 5. Kwa saa nne hiyo ni wati-saa 20. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84, hivyo hata ukitumia nusu yake tu, unabakiza cha kuendeshea kipaza sauti kidogo.

Wa tatu ndio ninaowaheshimu kuliko wote. Hao ni wazee watakaouliza: ni nani aliyewaruhusu? Ziko nyimbo za jando na unyago ambazo hazisikilizwi na kila mtu wala kila wakati. Ziko pia nyimbo ambazo ni jasho la mtunzi aliye hai, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda yeye pamoja na sanaa za jadi. Ndiyo sababu niliweka safu ya ruhusa. Mstari wetu waweza kuongezwa tuta moja:

grep -i zeze orodha.txt | grep WAZI | cut -f1 | mpv --playlist=-

Sasa wimbo usioandikiwa neno WAZI kwa herufi kubwa hautapigwa. Lakini mwanafunzi makini atagundua mara moja kuwa tuta hili huvukwa na yeyote ajuaye kuufuta mstari. Atakuwa amegundua ukweli ambao watu wazima wengi hawajaugundua, kwamba programu hutekeleza makubaliano lakini haiwezi kuchukua nafasi yake. Basi wimbo wa siri usiingizwe kabisa katika kompyuta ya shule, na yule aliyeimba aambiwe kabla ya kunaswa, si baada, wimbo wake utawekwa wapi na utasikilizwa na nani. Akikataa, kalamu iwekwe chini. Tutakuwa na mkusanyo mdogo, lakini hautakuwa wa wizi.

Nakiri kuna neno moja gumu zaidi ambalo siwezi kulikwepa. Wimbo ulionaswa si wimbo ulio hai. Muheme ni akina mama wenye ngoma mapajani, vumbi, vigelegele, na mtoto anayejifunza mdundo akiwa mgongoni. Faili haichezi ngoma. Kama shule itakusanya nyimbo na kisha ikadhani imeokoa utamaduni, itakuwa imekausha samaki na kudhani imehifadhi ziwa. Tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino hufanya kazi ambayo kompyuta haiwezi, kwani huko watu huimba. Mkusanyo wa shule uwe mtumishi wa waimbaji: uwakumbushe beti iliyosahaulika, uwatajie mtunzi, uwape vijana kitu cha kuiga mpaka waje wamwendee mzee mwenyewe awasahihishe.

Kwa hiyo napendekeza tuanze kwa udogo, bila kungoja mradi wala mfadhili. Muhula huu mwalimu mmoja wa fizikia, mwalimu mmoja wa Kiswahili na wanafunzi wapatao sita wachague kijiji kimoja. Waombe ruhusa kwa wazee na kwa uongozi wa kijiji. Wanase nyimbo kumi, si mia. Kila wimbo uandikwe kwanza katika daftari, kwa kalamu, mbele ya mwimbaji, kisha ndipo uingie katika orodha.txt. Nakala ziwe tatu: moja shuleni, moja kwa waimbaji wenyewe, na moja katika ofisi ya kijiji, maana kadi moja ikiungua au kupotea hakuna wa kumlaumu ila sisi. Mwisho wa muhula wazee waitwe shuleni, nao watamke majina, na wanafunzi waandike amri.

Mzee wangu wa Bahi yu hai bado, na hujambo yake hunifikia kila mara kupitia kwa jamaa. Yule kijana wa kibandani nimemwomba aanze kuandika majina ya nyimbo zake katika daftari, kumi kwa siku, na kwa kasi hiyo atahitaji siku mia mbili kuzimaliza elfu mbili. Ameniambia amefika wimbo wa mia tatu na arobaini. Sauti ya kaka yake mzee haijaonekana, na daftari linaendelea.